Joka Lililogeuzwa Askari

Jumamosi nilikuwa kwenye steshenari moja hapa Kasulu nikisubiri kutoa kopi. Pembeni watu wanne walikuwa wakicheza ule mchezo wa mezani ambao kila mmoja huwa mhusika wa hadithi, dadu huamua yatakayompata, na msimulizi hueleza kilichotokea. Msimulizi alikuwa mwalimu mwenye tai. Alijigamba kwamba hadithi yao ya majoka, waliyoicheza kwa miezi mingi, sasa ameigeuza kuwa ya wakimbizi. Nikachungulia karatasi zake. Alikuwa amefuta "joka" kwa wino mweupe, akaandika juu yake "askari wa mpakani." Basi.

"Dada, wewe ni mama mkimbizi unayevuka mto Malagarasi," alimwambia mchezaji mmoja, muuza vitenge. "Rusha dadu."

Dada akarusha. Ikatoka moja.

"Umekufa maji," mwalimu akasema, huku akimfutia jina.

Dada hakucheka. "Mwalimu, mama yangu alivuka mto ule mimi nikiwa tumboni. Alimbembeleza mwenye mtumbwi mpaka akakubali. Niache niongee naye."

"Kanuni haziruhusu kuongea na mto."

"Nimesema mwenye mtumbwi!"

Mwalimu akapekua karatasi zote. Mwenye mtumbwi hakuwemo. Wale wawili wengine wakageuza viti, wakamwelekea dada. "Tusimulie wewe," mmoja akasema. Alipoanza, hata mwenye steshenari alisimamisha mashine asikie.

Nilimwuliza mwalimu kama alizijua habari za mama wa dada huyo.

"Sikuwahi kumwuliza," akajibu.

Miezi mingi wamekaa meza moja, na bado anajiita mtunzi.