Wiki Sita za Mtoto Ambaye Hakulia

Nilianza kukatwa mshahara kwa ajili ya uzazi wakati bado sina mimba. Mwanamke wa ofisini alikuja kwenye chumba chetu cha kulia chakula akatueleza kwamba kampuni inaleta bima ya kushindwa kazi kwa muda: ukiugua, ukivunjika mguu au ukijifungua, unalipwa sehemu ya mshahara mpaka upone. Aliyejifungua anapewa wiki sita. Lakini lazima ujiunge mapema. Ukija tayari na tumbo, tumbo hilo halimo.

Katika kile kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli, kusini mwa Minneapolis, Marekani, wanawake wengi tulitoka mashariki ya Kongo. Kwetu tumbo halitangazwi mpaka lionekane lenyewe. Kulilipia kabla halijakuwepo kuliwafanya wenzangu wacheke.

"Weye," alisema mama mmoja wa Uvira niliyekuwa nikikunja naye mashuka, "unamtandikia mgeni kitanda na hujamwalika?"

"Nimemwalika, mama. Siku hiyo wewe hukuwepo."

Meza nzima iliangua kicheko. Nikatia sahihi.

Nilikuwa na sababu yangu. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule, nikiwa darasa la tano, nikambeba mgongoni mdogo wangu wa kike. Nilimlea huku nikiteka maji na kulima mashamba ya watu karibu na kambi ya wakimbizi. Nilimlisha, nilimwogesha, lakini sikumbuki hata siku moja nilipokaa nikamtazama tu, bila kazi nyingine mkononi. Mtoto wangu mwenyewe nilitaka kumtazama. Wiki hizo sita nilizitaka kwa ajili hiyo. Nilishachagua hata mahali: kiti cha dirishani, kwetu ghorofa ya juu, mtaa wa Cedar-Riverside, ambapo treni inaonekana ikikunja kona.

Mimba iliingia mwaka uliofuata. Mama wa Uvira akaanza kuninyang'anya mizigo mizito, akiniachia vishuka vidogo vya vitanda vya watoto wachanga ambavyo hoteli hutuletea. "Jizoeze," aliniambia.

Mwezi wa mwisho mtoto aliacha kucheza. Nilijifungua msichana mwenye nywele nyingi, na hakulia.

Tulimzika theluji ikiwa bado imerundikana kando ya barabara, nyeusi kwa uchafu. Mume wangu alikuwa dereva wa malori, na yeye hakuwa na bima ya kumlipa akikaa nyumbani. Baada ya maziko alikaa siku chache, akarudi barabarani. Kila jioni alinipigia simu, na mara nyingi tulisikilizana tu tukipumua.

Watu wa kanisa walisali nasi makaburini, kisha wakatawanyika. Kwetu mtoto ambaye hakulia hawekewi kilio. Hakuna anayelala kwenu, hakuna anayepika. Na kwa kuwa hakuna mtoto wa kuonwa, uji wa mzazi nao hauletwi. Sikuwa mfiwa, wala sikuwa mzazi.

Watu wa bima walinipigia wakiwa na mkalimani kwenye simu, mwanamume mwenye Kiswahili kilichonyooka cha Tanzania.

"Anauliza ulijifungua lini."

Nikamwambia.

"Kwa kawaida au kwa upasuaji?"

"Kwa kawaida."

Nilingoja aulize habari za mtoto. Hakuuliza. Nikaona afadhali niseme mwenyewe kuliko waje kuninyang'anya wiki hizo baadaye.

"Mwambie mtoto hakulia."

Nikamsikia mkalimani akisema kwa Kiingereza, polepole. Jibu lilirudi. "Anasema pole sana. Anasema bima ni ya mwili wako. Umejifungua. Wiki sita ni zako." Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Na mimi pia, dada. Pole."

Mama wa Uvira aliposikia alikuja mpaka mlangoni. "Rudi kazini, mwanangu. Nyumba isiyo na mtoto itakumaliza. Huku tutakuchekesha."

"Hizi wiki ni zake, mama. Nitazikaa."

Maziwa yalikuwa yamekuja siku ya tatu baada ya kujifungua. Hakuna aliyeyaambia matiti yangu. Mdogo wangu, ambaye sasa alikuwa anasoma chuo, alitoka darasani akakuta blauzi yangu imelowa. Akatupa begi chini.

"Yaya," aliniita, kama tunavyomwita mkubwa wa nyumba, "mama aliponizaa mimi, alifanyiwa nini?"

"Alikandwa. Kwa maji ya moto."

"Nani alimkanda?"

"Bibi mmoja jirani. Mimi nilileta maji."

"Basi niambie yanakuwa moto kiasi gani."

Alichemsha sufuria zote tulizokuwa nazo. Mvuke ulijaa mpaka kengele ya moto ikapiga kelele kwenye dari, naye akapanda kitini kuipepea kwa taulo, akiitukana kwa Kiingereza. Nilicheka, na kicheko kikageuka njiani. Alinikanda tumbo na mgongo mpaka maji yakapoa. Alifanya hivyo kila jioni. Mchana nilikaa kwenye kile kiti cha dirishani, mikono mitupu mapajani, nikitazama treni ikikunja kona.

Wiki zilipokwisha nilirudi kazini. Wenzangu walinisalimu kwa upole usio wa kawaida, bila utani. Mkokoteni wa kwanza ulipofika, mama wa Uvira aliuwahi, akachomoa vishuka vidogo kutoka chini ya vikubwa, akavikumbatia ili avipeleke meza ya mbali.

"Lete, mama," nilimwambia.

"Hapana, mwanangu. Si leo."

"Lete. Nitavikunja mimi."

Aliviweka mbele yangu, kisha akabaki amesimama hapo, akinishikia pembe za kishuka.