Mkono wa Msemaji wa Rika Bado Nausikia Kichwani

Admin, pole na kazi. Naomba ufiche jina langu na la kijiji chetu, maana kwetu mbuzi akipotea, habari zinafika Arusha kabla mwenye mbuzi hajajua.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na saba, Mmasai wa Ngorongoro, nafanya kazi risepsheni kwenye lodji moja ndogo hapa Karatu. Digrii ya kwanza ninayo, mume sina, mtoto sina, na mdomo ninao, tusidanganyane. Wageni wakorofi wote naletewa mimi. Ila kwa hili ninalowaandikia, mdomo umegoma.

Nimeomba kusoma masters ya sera za umma. Kila kitu nimejaza, kimebaki kuchagua mchepuo tu. Iko miwili: uchambuzi wa sera, yaani mahesabu, takwimu na bajeti, na ule wa sera za ardhi na maliasili. Ukishabonyeza umebonyeza, hakuna kuhama. Dirisha linafungwa Ijumaa hii. Kwa baba yangu hapo hakuna cha kuchagua. Kule kwetu vikao vya ardhi haviishi. Wanakuja watu na makaratasi, wanaongea Kiswahili kizito, wazee wanaitikia, halafu wakiwa njiani kurudi makwao wanaulizana wamekubali nini. Baba amechoka kuitikia asichokielewa. Aliniambia, "Nenda kasome maneno yao, halafu uje ukae upande wetu." Nikamwahidi. Kwa furaha yake akawatangazia wazee wa rika lake wote.

Kwa msiojua, kwetu wazee wote wa rika la baba yako ni baba zako. Ukikutana na mmoja wao unainamisha kichwa, anakigusa, ndipo unanyanyuka. Hunyanyuki kabla hajatoa mkono. Nimefanya hivyo tangu nikiwa mdogo, hata hapa mjini mbele ya wageni wanaotaka kupiga picha, na sijawahi kuona shida.

Mwezi uliopita mmoja wa hao baba zangu, msemaji wa rika lao, alikuja kazini kwangu. Ni mzee mpole, hana ugomvi na mtu, utotoni alikuwa akiniletea pipi kila akitoka mnadani. Alishuka kwenye gari jeupe ambalo si la kwake. Nyuma alikuwemo mwanaume mmoja amevaa shati safi, hakushuka wala hakusalimia. Nikatoka nje, nikainama. Mzee akaniwekea mkono kichwani, na hakuutoa. Akaanza kuongea hapo hapo, taratibu, kama mtu anayeombea chakula.

"Enkerai ai, mwanangu, nimesikia unarudi shule. Vizuri sana. Soma ile ya mahesabu."

"Baba amesema nisome ya ardhi," nikajibu huku naangalia katambuga zake.

"Baba yako amezeeka. Anataka kulala kwake bila kusumbuliwa. Hiyo ya ardhi itamletea wageni. Na wewe najua hujabonyeza bado."

Jamani, hilo la kutobonyeza sikumwambia mtu. Hata Baba anajua nilishamaliza kila kitu. Nikajaribu kunyanyuka kidogo, mkono ukanirudisha chini. Hakutumia nguvu, aliulaza tu. Kisha akautoa, akanitazama kwa tabasamu lile lile la siku za pipi, akauliza afya yangu. Nikamkaribisha chai, akasema ana haraka.

Siku chache baadaye Baba akanipigia simu. Watu wawili wamefika bomani, wamezunguka, wamepiga picha zizi la ng'ombe na mlango wa nyumba ya mama, wakaondoka. "Hata chai hawakunywa," alisema, na kilichomuuma kilikuwa hicho, kukataa chai. Mimi huku nikampa mgeni ufunguo wa chumba kisicho chake.

Sijamwambia Baba. Ninaogopa, na naona aibu kuogopa. Kwetu mtoto kumshtaki mzee wa rika la baba yake ni sawa na kumshtaki baba mwenyewe. Baba na msemaji walitahiriwa msimu mmoja, wamechunga pamoja, wamekula nyama moja. Ataniuliza alikutishia nini, nami nitasema nini? Alinishika kichwa? Aliniambia nisome mahesabu? Kinachonichanganya zaidi, huo mchepuo wa mahesabu mimi naupenda. Shuleni hesabu ndizo zilizonibeba. Kama mzee asingekuja, huenda ningemwomba Baba aniruhusu. Sasa nikiuchagua nitakuwa nimemtii nani? Na nikichagua ardhi, wale waliopiga picha mlango wa mama watarudi kufanya nini?

Leo asubuhi Baba amenipigia tena, sauti imejaa furaha. Alhamisi nipande juu kijijini, wazee wa rika wanakutana kunibariki kabla ya safari. Nitasimama katikati, nitaulizwa mbele ya wote ninakwenda kusoma nini, nitataja. Hapo mzee mmoja ataniwekea mkono na kutamka maneno, na kila neno wengine wataitikia "Naai", yaani Mungu na alipokee. Wakishaitikia limepita, halirudishwi na mtu.

Nikauliza ni nani atakayetamka.

"Ameomba mwenyewe," Baba akasema, akamtaja msemaji. "Tuna bahati, mwanangu. Yeye huwa haombi."

Baba haoni vizuri siku hizi, na masikio nayo yanamsumbua. Atakaa mbali kidogo, hatasikia maneno yote yatakayosemwa juu ya kichwa changu. Ila namjua. Yeye ndiye atakayeitikia "Naai" kwa sauti kubwa kuliko wote.

Ndugu zangu, hasa mliokulia bomani mkijua uzito wa mkono wa mzee, nishikeni mkono kabla ya Alhamisi. Nikiulizwa pale katikati, nitaje nini?