Jibu la Kurasa Tatu

Baba yangu alikuwa na ugonjwa wa maneno. Wenzake waliugua malaria wakapona. Yeye alishikwa na ugonjwa wake huko bandarini, kwenye ghala alikokuwa karani, na hakupona mpaka tunamzika. Alinunua daftari la jalada gumu akalichora safu tatu kwa rula: neno, maana, mfano. Neno lolote gumu alilolinasa msikitini, gazetini, au kwa wale wazee wa Pwani wanaoongea polepole ili wasikilizwe, lilifungiwa humo. Tulikaa Temeke, katika zile nyumba mpya za serikali, na sidhani kama palikuwa na nyumba nyingine mtaani yenye maneno mengi vile na kuku wachache vile.

Angeyaandika tu akatuacha, tungemsamehe. Lakini wapi! Jioni, kabla mkono haujagusa sinia, alitaja neno la siku na maana yake, kisha kila mtu atunge sentensi. Alianza mwenyewe, maana mifano yake aliipenda kuliko chakula. "Shakawa, yaani taabu. Jirani akikaanga papa, pua yangu huingia katika shakawa." Akacheka peke yake, akanywa maji, akaendelea. "Adinasi, mtu muungwana mwenye asili njema. Adinasi hali muhogo akiwa amesimama, ila kama hapana anayemwona." Mama, ambaye hakuwa amekaa kitako tangu alfajiri, aliambiwa atunge ya ukata, ule umaskini wa kutokuwa na kitu kabisa. Akasema, "Ukata ni pale wali unapopoa watu wakisomeshwa." Baba akampongeza kwa dhati. Hakujua kwamba kasemwa.

Mie nilikuwa mwanafunzi wake bora, na sioni haya kusema. Nilisoma mpaka darasa la nne, mwandiko wangu ukimpita yeye, na daftari lile nilikuwa nalijua kama vile nimelizaa. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimekwisha kuwekwa ndani kama mwali, natoka kwa ruhusa. Ruhusa yenyewe ilikuwa moja: baiskeli ya baba ikipata pancha, niipeleke kwa fundi pale barabarani.

Fundi huyo alikuwa kijana wa bara, kutoka upande wa Kilosa, mwenye kibanda cha makuti na beseni la maji la kutafutia tundu. Alikuwa mpole, anasali, na akikusalimia anakutazama usoni kisha anatazama chini. Maneno yake yote kwa mwaka yangeenea ukurasa mmoja wa baba. "Karibu, bibie. Pancha? Kesho." Basi, mie hapo nimekwisha. Msiniulize kwa nini baiskeli ya karani mmoja ilitoboka mara nyingi kuliko baiskeli zote za Temeke. Pini za baibui zina kazi nyingi. Siku baba alipotoa neno mustarehe, maana yake kuwa katika raha, nilisema bila kufikiri, "Baiskeli ikipata pancha, mie huwa mustarehe." Mama akaniangalia kwa muda mrefu. Baba akachukua penseli akauandika mfano wangu daftarini.

Mwaka ule kabla ya mvua za masika, posa ikaja. Aliyeileta ni baba mdogo wa fundi, mkulima wa mihogo huko Gongo la Mboto. Kijana hakuwa na ndugu mwingine mjini, kwa hiyo yeye ndiye mzee wa ukoo na yeye ndiye mshenga. Alivua viatu, akatoa barua iliyofungwa katika leso safi, akaagana kwa adabu bila kusubiri ifunguliwe, kama inavyotakiwa. Mie niko nyuma ya pazia, nachungulia. Baba alisoma barua akaigeuza nyuma kuona kama imeendelea. Haikuendelea. "Tunaomba mtoto wetu amwoe mtoto wenu. Ni kijana mwema na ana kazi." Na salamu. Hivyo tu.

"Hii ni barua au ni risiti?" baba akasema.

Lakini alimpenda kijana. Nasema hivyo kwa haki yake, maana watu humdhania vibaya. Alisema kazi anayo, dini anayo, tabia hatujaisikia kusemwa, na mama akasema, "Basi mjibu mwenzio, usimweke." Mie nikaingia jikoni nikaimba, nikaunguza mchuzi, na hakuna aliyenigombeza.

Jibu lilichukua siku nne. Mtu mwingine angesema tumekubali, akarudi kucheza bao. Baba alisema jibu la posa ni sura ya nyumba, na hawezi kuwapelekea watu sura isiyonawa. Alikaa barazani na daftari mapajani, anatamka, mie naandika kwa kalamu ya wino. "Ama baada ya salamu maridhawa," alianza, na maridhawa ni tele, za kutosha na kubaki. Tukaendelea hivyo. Hidaya ya maneno yao, yaani zawadi, tumeipokea kwa taadhima. Sisi tulio adinasi, si muhali kwetu, yaani si jambo lisilowezekana, kuziridhisha nyoyo zetu, ili aushi ya watoto hawa, ndiyo maisha yao, iwe mustarehe, mbali na shakawa, mbali na ukata. Likaisha fungu la kwanza. Tukageuza ukurasa.

Mnadhani nilimzuia? Thubutu! Alipokwama nilimtajia neno. Alipochoka nilimwambia bado kidogo, baba. Nilikuwa naona fahari, nawaza fundi wangu anavyosomewa maneno yale yote kwa ajili yangu mie, wa Temeke, mtoto wa karani. Kurasa tatu, pande zote mbili, na hakuna doa hata moja la wino. Baba aliipeleka barua Gongo la Mboto mwenyewe, akamkabidhi mkononi yule baba mdogo, akakataa hata kukaa, maana mwenye binti hakai kusubiri asomewe barua yake mwenyewe.

Tukangoja. Wiki moja, mbili. Kwa desturi walipaswa kurudi kupanga mahari. Wiki ya nne mama akasema, "Tuma mtu aulize." Baba akasema, "Tuwakimbilie? Kama watu wanaouza mbuzi mgonjwa?" Na baiskeli nayo, tangu posa ije, haikupelekwa kwa fundi yule, eti mchumba haonani na mwenzake kabla mahari haijapangwa. Nikatoboa gurudumu mara mbili za bure. Baba akaziba pancha mwenyewe, vibaya.

Wiki ya saba baba alikwenda mazikoni Tandale. Nikaisukuma baiskeli mpaka kibandani bila ruhusa ya mtu. Fundi aliinuka akafuta mikono, akatazama chini hata kabla hajanitazama usoni.

"Msalimie sana mzee," akasema. "Sisi hatuna kinyongo. Alitukataa kwa heshima."

"Nani kawakataa?"

"Baba. Kwa ile barua." Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Baba mdogo aliifungua, akaona kurasa tatu, akaikunja. Hakuisoma mpaka mwisho, na alichosoma hakukielewa, na kwenda kuomba mtu amfafanulie ingekuwa kujidhalilisha mara mbili. Hakuwa na haja pia. Kwao mzee akikubali posa husema njooni, imekwisha. Anayekataa ndiye hukaa akatafuta maneno mazuri ya kuwafunika watu wasione haya. Kwa kurasa tatu, alisema baba mdogo, huyu bwana katuonea huruma sana.

Nikaanza kumweleza. Nilisimama pale juani nikamfafanulia barua yote kwa moyo, neno na maana, neno na maana, maridhawa, hidaya, muhali, mpaka sauti ikanikauka. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye aushi, mwanamke akatoka nyuma ya kibanda na kikombe cha chai. Alikuwa na hina mpya mikononi. Akanisalimu, "Hujambo, dada," akampa chai yake, akarudi ndani.

"Waliniita nyumbani mwezi uliopita, wakaniozesha," fundi akasema. "Huyu amefika juzi na mama." Alishika usukani wa baiskeli ya baba, akauachia. "Kumbe maana yake ilikuwa ndiyo? Barua yote?"

"Yote."

Wapo watakaoniambia angeweza kuongeza wa pili, sheria inaruhusu. Karani wa bandari amtoe binti yake kwenye uke wenza wa kibanda cha baiskeli? Haya, mkamwambie ninyi.

Baba alinikuta barazani. Nilimwambia nilikotoka, sikuficha, nikamwambia na yaliyotokea, kwa maneno machache sana. Alikaa. Akapapasa mfukoni, akatoa penseli, na wallahi simsingizii, akaniuliza, "Neno lipi lililowashinda?"

"Hakuna lililowashinda. Hawakusoma. Waliona ni ndefu."

Penseli ikabaki mkononi. Akasema kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nilitaka wajue unatoka nyumba gani."

Nilimchukia siku ile, naapa nilimchukia, na nikajichukia mie zaidi kwa mwandiko wangu mzuri. Nikalia hapohapo barazani, wapita njia wakitazama.

"Mie nilitaka kuolewa tu, baba," nikamwambia.