Weka Dilei Kwanza

Watu husema kinyongo ni mzigo. Changu nimekibeba miaka sita na hakijaniumiza bega.

Mimi na yule jamaa niliyemwekea kinyongo tulikuwa kwaya moja ya Kilutheri, Bukoba mjini. Yeye alipiga gitaa la solo, mimi la ridhimu. Nilitaka kitu kimoja tu: siku ya harusi ya dada yangu, kule Muleba, nipige solo kwa sauti ya yule mpiga gitaa Mkongo ambaye mama yetu alikuwa akiacha ndizi jikoni ziungue ili amsikilize redioni. Nilikuwa na pedali mbili za gitaa, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadili sauti. Distosheni huikwaruza sauti kidogo. Dilei huirudia noti, kama mtu anayekuitikia kutoka ng'ambo ya bonde. Sikujua ipi itangulie, nikaenda kumuuliza nyumbani kwake.

Alinikaribisha kwa akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, tukagawana punje za kiganja kimoja. Kwetu, mtu uliyetafuna naye kahawa hutarajii akudanganye. Akaniambia, "Weka dilei kwanza, ndugu yangu. Halafu distosheni, ifungulie yote."

Mimi mtoto wa kijijini Rubafu nikaingizwa mjini, na mjini nilikuwa nimeshafika.

Harusini noti ya kwanza ilitoka vizuri. Ya tatu ikatoka na mabaki ya zile mbili, zote zimekwaruzwa pamoja, uji wenye mabonge. Maharusi wakaacha kucheza. Yule jamaa alicheka hadi akashika magoti, kisha akachomeka gitaa lake akaumaliza wimbo wangu. Mama, aliyekaa mstari wa mbele na kitenge kipya, akaniita karibu akaniuliza taratibu, "Mwana wange, gitaa linaumwa?"

Nilimchukia yule mtu nikipalilia migomba, nilimchukia nikisali. Alipougua malaria nilikwenda kumwona, na njia nzima nilimwombea apone, kwa sababu nilimhitaji akiwa na masikio mazima.

Nilijifunza peke yangu. Distosheni mbele, imefunguliwa robo tu. Dilei nyuma yake, irudie mara mbili basi. Nikatia alama kwenye pedali kwa rangi ya kucha ya mke wangu, asije mtu akazigusa.

Mwaka huu dada alibatizisha mtoto, Muleba, uwanja ule ule wa harusi. Kadi ya mwaliko ya huyo jamaa niliipeleka kwa mkono wangu. Nikapiga. Sauti ya redio ya mama ilitoka yenyewe, safi, na wazee wakaweka sahani chini. Mimi nilimtazama mtu mmoja tu, nikaona kicheko kikimkauka mdomoni. Nilifurahi, sitaki kudanganya.

Mama alikuwa mstari wa mbele. Masikio yake yaliziba mwaka juzi. Aliwatazama watu wakipiga makofi, naye akapiga. Kisha akaniuliza kwa sauti kubwa ya wasiosikia, "Mwana wange, gitaa limepona?"

Nikamwitikia kwa kichwa.

Ndipo yule bwana akaja, mbele ya watu wote, punje za kahawa kiganjani. "Kaka, hiyo sauti umeipataje?"

Niliitazama ile kahawa. Sikuichukua.

"Weka dilei kwanza," nikamwambia.

Kiganja chake kikabaki wazi, na mimi nikaanza kukunja nyaya zangu, mmoja mmoja, bila haraka.