Senge na Malkia Asiye na Kichwa

Panga la bwanangu limekamatwa, na kosa ni la mfalme wa Uingereza.

Senge wangu, dadake baba, amekuja kutoka Khwisero kunitembelea. Tukichambua mboga ya murenda, nikamsimulia hadithi ninayowaambianga wanafunzi wangu. Mfalme mmoja wa zamani alimchoka malkia wake, akaagiza akatwe kichwa. Mpaka leo watu wanasema malkia hutembea usiku, kichwa amekibeba kwapani.

Nilitaka ashtuke kidogo tu.

Senge hakushtuka. Alikasirika.

"Alizikwa na nani?"

"Na watu wa mfalme, ndani ya sanduku la mishale."

"Mfalme mzima, jeneza likamshinda? Na watu wa kwao walikuwa wapi?"

"Waliogopa, senge."

"Basi huyo mtoto wa watu hatishi mtu. Anatafutanga njia ya kwao."

Nikaendelea kuchambua murenda.

Saa hiyo hiyo bwanangu akaingia akicheka, ameshika panga. Alikuwa anaenda kufyeka nyasi nyuma ya nyumba, maskini.

Senge akasimama mbele yangu.

"Weka hiyo chini. Huyu ako na kwao, na sisi hatuogopi mtu."

Akaliweka. Hata swali hakuuliza!

Sasa nyasi imefika magotini, panga liko chini ya godoro la senge, na bwanangu ameosha vyombo vyote bila kutumwa.

Nyinyi mnaonaje? Nimweleze sababu, ama tungoje kwanza aoshe vya jioni?