Usinipambie

Mtaa mzima ulimwita yule msusi Redio, na wala hawakumwonea. Ungeingia saluni kwake kusuka nywele, ukatoka unajua habari za jirani yako kuliko jirani mwenyewe. Lakini mdomo huohuo ndio uliokuwa macho ya mumewe. Mume, fundi wa kuchomelea aliyezoeleka kwa jina la Cheche, alipoteza uwezo wa kuona kidogo kidogo hadi mwanga wote ukaisha. Tangu hapo wakienda sinema yeye husikiliza, mkewe humnong'oneza kinachoonekana. Sharti lao moja tu: "Usinipambie, mke wangu. Niambie kilichopo."

Filamu ya kwanza ya yule shujaa anayeinua mabasi kwa mkono mmoja ilimkaa Cheche moyoni. Kila aliyemtembelea alisimuliwa, apende asipende. Kwa hiyo ilipokuja ya pili, alivaa shati lake la kutokea, akajipulizia manukato, akamharakisha mkewe utadhani wanaenda kuoana upya.

Hata viti havijapata joto, Redio akaona mambo yamekwenda mrama. Shujaa alikuwa mtu mwingine kabisa, kitambi kinamtangulia. Basi aliloliinua lilikunjika kama boksi. Adui naye alianguka ngumi haijamfikia. Redio akamtazama mumewe. Alikuwa amemwinamia, midomo imeachana kidogo, anangoja. Ungekuwa wewe ungesema nini? Huruma ikamshinda, akaanza kupamba.

"Anapaa sasa! Basi liko juu, abiria wanalia, chini moto unawaka..."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Redio akazidi kutia chumvi, na kadiri alivyozidisha ndivyo watu walivyozomea, na ndivyo mkono wa mumewe ulivyombana. Mkono wenyewe ulikuwa umelowa jasho.

"Watu wanacheka nini?" Cheche akauliza kwa sauti ndogo.

Redio aliona haya hadi masikio yakamwaka.

"Nimekudanganya, mume wangu. Filamu mbovu. Mbovu haina mfano. Basi lenyewe la maboksi, gundi naiona kutoka hapa. Na shujaa wako wamembadilisha, wametuletea mtu ana kitambi."

"Wameniharibia mtu wangu," Cheche akasema, na kweli ilimuuma. Halafu akashusha pumzi ndefu, mkono ukalegea. "Lakini afadhali."

"Afadhali nini, na ulivyoingoja?"

"Wewe unaniambia moto, wenzangu wanacheka. Naitafuta ile picha kichwani, haiji." Akajigusa paji la uso. "Nikadhani na huku ndani kumeanza kuzima."

Redio alitaka kuomba msamaha, alitaka kulia, lakini filamu haikuwa ikimngoja mtu. Akajifuta macho kwa kiganja, akamsogelea sikioni.

"Haya. Anajaribu kuingia kwenye basi awaokoe watu. Kitambi kimekwama mlangoni."

"Acha uongo."

"Haki ya Mungu. Abiria mmoja anamsukuma."

Cheche akacheka mpaka akashika mbavu. Alicheka baada ya ukumbi mzima kumaliza, peke yake, kwa sauti, na watu wakageuka kumtazama. Redio hakujali. Aliendelea kumwambia kilichopo.