Ngendo Hatii Mkono Mfukoni

Saa mbili asubuhi, Ngendo amepiga magoti kando ya karai nyuma ya lain, zile nyumba za askari polisi, Nyeri. Povu limemfika viwikoni. Mbele yake kuna rundo la kaptula za kaki, na binti yake, Wachuka, anazichambua: za kuchemsha huku, za kuloweka kule.

Ghafla Wachuka anaganda. Mkono wake umo ndani ya mfuko.

"Maitu, humu kuna—"

"Nyamaza!" Mama yake amekwisha kuruka. "Usikitaje! Usinionyeshe! Toa huo mkono, mtupu!"

Msichana anautoa, mtupu. Kaptula inalala pale chini kama nguo yoyote.

Msomaji wa mbali anaweza kucheka. Asicheke. Katika Hali hii ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, ukikutwa na risasi moja tu, hata kama huna bunduki ya kuipiga, ni kitanzi. Na askari ni watu wa kusahau vitu mifukoni.

Zamani Ngendo alipekua kila mfuko kabla ya kuloweka. Leso, tumbaku, kiberiti, vyote aliviweka pembeni, mwenyewe akaja kuvichukua. Aliacha mwaka jana, baada ya kesi ya Kingori.

Kingori ni muuza kuni wa Naro Moru. Alinunua koti kuukuu sokoni, akasimamishwa njiani na askari, risasi ikaanguka kutoka kwenye bitana. Mahakama ikamhukumu kunyongwa. Majaji wa rufaa wakamwachilia. Walisema mtu hawezi kuambiwa ana kitu ambacho hajui kama anacho.

Aliyemweleza Ngendo ni Moffat, karani wa wakili, ambaye Ngendo humfulia mashati.

"Serikali ilitaka kukutwa nayo tu kutoshe," alimwambia. "Majaji wakasema hapana, lazima uwe ulijua. Na neno la mahakama ya juu likishatoka, mama, hizi za chini zinalifuata."

"Basi nikipapasa, nimejua."

Moffat aliitikia kwa kichwa. "Umejua. Tena serikali inaweza kutunga sheria nyingine kesho, ikalizima hilo neno la majaji."

Tangu siku hiyo Ngendo halali vizuri. Uhai wake na wa mtoto wake umening'inia kwenye neno "kujua", na wenye kulishikilia au kulikata wako mbali, wala hawamjui.

Jua linapopanda, mwenye kaptula anafika mbio. Ni askari Wasike, mtu wa upande wa Elgon.

"Mama Wachuka, kaptula yangu umeshalowesha?"

"Iko kavu, afande. Mimi sifui mfuko ambao mwenyewe hajaugeuza."

"Ati nini? Hata bibi yangu hanisumbui hivyo!"

"Bibi yako hanyongwi."

Wasike anacheka, anatia mkono mfukoni. Kicheko kinakatika. Mkono unabaki humo humo. Anatazama nyuma, anatazama lain, kisha anamtazama Wachuka.

"Wewe msichana, umejua nini hapa?"

Maji yanachuruzika viwikoni mwa Ngendo. Anataka kujibu yeye, lakini hakuulizwa yeye.

"Nimejua ni kaptula, afande," anasema Wachuka. "Tena chafu."

Wasike anaikunja nguo yake, anaondoka nayo haraka, chafu vile vile. Ngendo anaketi chini kwenye matope.

Sasa ameweka sharti: kila askari ataning'iniza kaptula yake mwenyewe kwenye kamba, mifuko imetolewa nje kama masikio ya mbuzi. Wakikataa, wafue wenyewe. Angependa kila mama anayefua nguo za watu, kuanzia hapa hadi Kutus, afanye hivyo, na amfundishe bintiye kabla ya kumpa sabuni.

"Mtoto wangu ana mikono myepesi," anasema. "Naomba tu hilo neno la majaji wa Kingori lisimame mpaka azoee kutogusa."

Na Wachuka aligusa nini mfukoni siku ile?

"Sijamwuliza," anasema Ngendo. "Sitamwuliza."